BMW 3 Series kwa mkazi wa Nakuru na Kisumu: tafuta fundi, kisha ununue gari

Mtu akiniuliza anunue BMW 3 Series ya mwaka gani, mimi humuuliza kwanza fundi wake ni nani. Wengine hudhani nakwepa swali. Lakini kwa sisi tunaoishi Nakuru, Kisumu, Kericho au Kakamega, gari hili huleta raha au mateso kutegemea mikono inayofungua boneti yake, na mikono hiyo haiuzwi pamoja na gari. Bei yenyewe inashawishi. 3 Series iliyotumika hushuka thamani haraka kuliko Toyota ya umri wake, hivyo mwenye pesa za Premio anaweza kuondoka na gari la Ujerumani linalokata kona kama limewekwa kwenye reli. Huu hapa mpangilio ninaoupendekeza, kuanzia kabla hujaangalia gari lolote.

Hatua ya kwanza: fundi

Fundi hodari wa Toyota si lazima awe hodari wa BMW, na hilo si aibu kwake. Pita gereji kadhaa, amkia, eleza kwamba unataka kununua, kisha uulize maswali matatu.

Kwanza, anapima kwa mashine gani? Kile kifaa kidogo cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya usukani mara nyingi husoma injini peke yake. Unamtaka mtu mwenye ISTA, programu ya BMW yenyewe, au kifaa kingine kinachofikia giaboksi, breki, mifuko ya hewa na kompyuta nyingine zote zilizomo garini. Pili, akishabadilisha betri hufanya nini? Anayejua atakwambia anaisajili kwenye kompyuta ya gari. 3 Series hupanga chaji kulingana na umri wa betri, kwa hiyo betri mpya isiyosajiliwa huchajiwa kama kuukuu na haidumu.

Swali la tatu ndilo huwatenganisha mafundi: unatoaje hewa kwenye mfumo wa maji wa N52? Hiyo ni injini ya silinda 6 iliyomo kwenye 323i, 325i na 330i nyingi za umbo la E90, lile la 2005 hadi 2012. Pampu yake ya maji inaendeshwa na umeme, haina mkanda. Ukijaza maji na kupiga resi kama ulivyozoea, hewa inabaki ndani na injini inachemka ukiwa njiani. Fundi wa kweli atakujibu bila kusita: "Boss, huwashi injini kabisa. Nafunga chaja kwenye betri, nafungua swichi, naweka hita joto la mwisho na feni chini kabisa, nakanyaga mafuta hadi sakafuni sekunde 10, naachia. Pampu inajizungusha yenyewe kama dakika 12." Akikuambia atafungua kifuniko na kupiga resi hadi mapovu yaishe, mshukuru na uendelee kutafuta.

Muulize pia kama ana spana ya kupimia nguvu. Bloku ya N52 imetengenezwa kwa magnesiamu na alumini, na bolti zake nyingi ni za alumini zinazotumika mara moja tu. Ukifungua, unatupa na kuweka mpya. Fundi anayezirudisha za zamani na kuzikaza kwa hisia ya mkono atakuvunjia bolti ndani ya bloku.

Vipuri havitakusumbua sana ukijua kuagiza. Maduka ya Nakuru na Kisumu yana vya kawaida. Vingine hutoka Nairobi, hasa Kirinyaga Road, na husafiri kama kifurushi kwenye basi au matatu. Agiza kwa namba ya kipuri, yenye tarakimu 11. Unaipata kwa kuingiza herufi na tarakimu 7 za mwisho za namba ya chesisi kwenye katalogi za mtandaoni. Ukisema tu "pampu ya 320i" utaletewa isiyotoshea, na gharama ya kuirudisha ni yako.

Hatua ya pili: injini na mwinuko wa kwetu

Hapa ndipo ushauri wa watu wa pwani au wa ng'ambo hautusaidii. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130, na ukielekea Eldoret unapita Timboroa kwenye zaidi ya mita 2,700. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. 320i ya E90 yenye injini ya N46 ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu farasi 150. Ukiwa Nakuru unabaki na kama 125. Itakufikisha uendako, lakini ukiwa na abiria wanne na mizigo kwenye mpando wa kutoka Ahero kuelekea Kericho, lori lililo mbele yako utalifuata kwa muda mrefu.

Turbo hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Ndiyo maana 320i ya F30, umbo lililoanza 2012, yenye turbo na nguvu farasi 184, huku kwetu inaizidi E90 kwa mbali kuliko namba za kwenye karatasi zinavyoonyesha.

Ila kila injini ina ugonjwa wake. N46 huvuja oili kwenye gasketi ya juu ya injini, na sili za valvu zikichakaa hutoa moshi wa bluu. N52 ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa mtu anayetaka E90. Ni laini, ina nguvu, haina turbo ya kuharibika, na tatizo lake kubwa, pampu ya maji, linajulikana na linaweza kuzuiwa kwa kuibadilisha mapema pamoja na themostati. N20, ya F30 za miaka ya mwanzo hadi mapema 2015, ina vishikilia cheni vya plastiki vinavyokatika. Ukisikia mlio wa kuvuma unaopanda na kushuka na resi, ondoka. Kuanzia toleo lililoboreshwa la mwishoni mwa 2015 ilianza kuingia B48, na mwenye pesa za kutosha namwelekeza huko bila wasiwasi. Dizeli ya N47 inanywa mafuta kidogo sana, lakini cheni yake ya taimingi iko upande wa giaboksi, na kuifikia ni kazi ya kushusha injini au giaboksi. Bila ushahidi wa maandishi kwamba cheni imebadilishwa, siigusi.

Audi A4 na Mercedes-Benz C-Class za miaka hiyo ni magari mazuri pia. A4 za B8 zenye 2.0 TFSI zina sifa ya kula oili, na C-Class za W204 zenye injini ya M271 zinataka cheni na gia za kamshafti ziangaliwe. Tofauti kubwa kwangu ni usukani: BMW inakwambia barabara inafanya nini chini yako.

Kuhusu kuagiza nje: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka wa usajili wake wa kwanza. Kwa hiyo E90 na F30 nyingi utazinunua zikiwa tayari zina namba za Kenya, na anayeagiza mwenyewe atafikiria G20, umbo lililofuata F30, lililozinduliwa mwishoni mwa 2018. Kumbuka KRA, mamlaka ya mapato, hukokotoa ushuru kutokana na orodha yake ya bei, ikiondoa uchakavu wa umri. Bei nzuri uliyopata kwenye mnada wa Japani haishushi ushuru.

Hatua ya tatu: mwambie muuzaji asiliwashe

Piga simu asubuhi, kwa heshima: "Ndugu, naomba nilikute gari likiwa baridi, usiliwashe kabla sijafika." Ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaficha kitu, au hajali ulichomwomba. Kwa vyovyote rudi siku nyingine au uache.

Washa mwenyewe ukiwa umefungua boneti, na mwenzako asimame karibu na injini. Kelele za cheni husikika sekunde za kwanza, zikipoa baadaye. Kisha liache linguruma taratibu kwa dakika kadhaa bila kugusa mafuta, halafu mwambie mwenzako aende nyuma na wewe ukanyage mara moja kwa nguvu. Wingu la bluu likitoka kwenye ekzosi wakati huo, sili za valvu zimechoka. Ukifanya jaribio hili mara tu baada ya kuwasha hutaona kitu, kwa sababu oili inahitaji muda kujikusanya, na wauzaji wengi wanalijua hilo.

Nusa. Harufu ya oili inayoungua inayoingia kupitia matundu ya hewa ni gasketi inayovuja juu ya ekzosi. Harufu tamutamu ni maji ya rejeta. Kwenye N52 usitafute kijiti cha kupimia oili, hakipo; kiwango kinasomwa kwenye dashibodi injini ikiwa imepata joto.

Kwenye barabara, giaboksi ya otomatiki isikuruke wala kukugonga inapobadilisha kutoka gia ya pili hadi ya tatu. Pita juu ya matuta ya pole pole ukiwa umezima redio. Mlio wa "tok" mbele ni bushi au boljointi, vitu ambavyo barabara zetu huvimaliza mapema. Havizuii kununua, lakini vinashusha bei. Mwishoni mpe fundi wako apime kompyuta zote. Kama hakuna hata hitilafu moja iliyohifadhiwa kwenye gari la miaka 12, kuna mtu amezifuta muda mfupi uliopita. Liendeshe tena na upime upya.

Kilomita zina njia yake. Gari la Japani huwa na cheti cha usafirishaji kinachotaja kilomita, na likipitia mnada huwa na karatasi ya ukaguzi yenye gredi. Gredi ya R ni dalili kwamba liliwahi kurekebishwa baada ya ajali. La Uingereza ni rahisi zaidi: ukipata namba yake ya huko, historia ya ukaguzi wa kila mwaka iko wazi mtandaoni bila malipo pamoja na maili zake. Magari ya Uingereza yaangalie uvunguni, kwa kuwa barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chuma huliwa. Ya Japani yana kero ndogo: skrini ya Kijapani, na redio inayoishia karibu na 90 MHz, wakati stesheni zetu zinafika 108.

Hatua ya nne: karatasi

Hapa sitakuchelewesha. Ingia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, lipia KSh 550 ya kutafuta rekodi za gari, linganisha jina la mmiliki, namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye gari lenyewe. Kama kuna benki kwenye umiliki, benki hiyo ilipwe kwanza. Andikeni mkataba wenye nakala za vitambulisho na PIN za KRA. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako, na salio la mwisho litoke mkononi mwako ukiwa umeuona uhamisho huo. Dalali asiyetaka mwenye gari aonekane, achana naye.

Chukua bima kubwa, si ya mtu wa tatu pekee, na usisahau nyongeza ya vioo. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na kioo cha mbele chenye kihisi cha mvua si cha bei ya kawaida.

Hatua ya tano: wiki za kwanza

Usitumie pesa zote kununua. Mimi humwambia mtu abaki na robo ya bei mfukoni. Akishindwa, atafute gari la bei ya chini zaidi.

Badilisha vimiminika vyote, hata kama muuzaji ameapa. N46 hubeba oili lita 4.25, N20 lita 5, N52 lita 6.5, na iwe yenye kibali cha BMW Longlife-01. Huko Ulaya gari lenyewe linaweza kukuambia usubiri hadi kilomita 25,000 au zaidi. Kwa vumbi na milima yetu, kila kilomita 8,000 hadi 10,000 inatosha. Giaboksi nayo. BMW walisema oili yake ni ya maisha, lakini ZF, waliotengeneza giaboksi nyingi za magari haya, wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Oili ya breki ni kila miaka 2.

Kwenye rejeta usitie maji ya bomba wala ya kisima. Maji ya visima vya Nakuru yana madini mengi, na madini hayo huganda ndani ya mifereji myembamba ya injini. Tumia kulanti, yaani dawa ya rejeta, ya aina inayokubaliwa na BMW ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa madini. Jambo jingine linalowashangaza wengi: E90 na F30 hazina geji ya joto la maji kwenye dashibodi. Unapata taa tu, na taa huwaka tatizo likiwa limeshafika. Kwa anayeshinda na foleni ya mchana Kondele kwenye joto la Kisumu, ningependekeza programu ya simu na kifaa cha kuchomeka kinachoonyesha joto halisi la injini.

Matairi, mahali ambapo wengi huumia

3 Series nyingi zilitoka kiwandani bila gurudumu la akiba. Badala yake zina matairi yenye kuta ngumu yanayoweza kutembea bila upepo, kwa mwendo usiozidi 80 km/h na kwa umbali wa kilomita 80 hivi. Wazo hilo linafaa kwenye barabara nzuri. Kwetu, shimo la Chavakali likipasua ukuta wa tairi, hakuna cha kutembea wala kuziba. Tena kuta hizo ngumu hupeleka kila kishindo kwenye shoki na bushi.

Hamia matairi ya kawaida na ubebe gurudumu la akiba kwenye buti. Hapa kuwa makini: matundu ya bolti ya E90 na F30 ni 5x120, yaani matano kwenye duara la milimita 120, kwa hiyo gurudumu la Toyota halitaingia. Tafuta la BMW, na ulijaribu mbele kabla ya kulilipia, kwa sababu breki za mbele ni kubwa na rimu ndogo hugusa. G20 inatumia 5x112, usichanganye. Ukubwa wa kukaa nao kwa E90 ni inchi 16, 205/55, au inchi 17, 225/45; kwa F30 ni inchi 16, 205/60, au inchi 17, 225/50. Rimu za inchi 18 na 19 zinapendeza kwenye picha, lakini ukuta wa tairi unabaki mwembamba mno kwa mashimo yetu.

Mwambie kila fundi wa pancha aweke jeki kwenye vipande vya plastiki vya mraba vilivyo chini ya mlango. Simama hapo umwone. Jeki ikiwekwa pembeni, chuma kinakunjika na hakirudi.

Barabarani

Unaposhuka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa, breki zisiachiwe kazi yote. Kijiti cha gia kikiwa D, kisukume pembeni, kisha kisogeze mbele mara moja au mbili: kwenye BMW mbele ni kupunguza gia, nyuma ni kuongeza, kinyume cha wanavyotarajia wengi. Injini itashikilia gari, na mguu wako utabaki tayari kwa dharura. Acha nafasi kubwa nyuma na mbele ya malori, na usikae ubavuni mwao hata kama una nguvu ya kuwapita baadaye. Mjini sheria ni 50 km/h, na gari hili huifikia kabla hujaamua.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lina tabia yake kwenye matope. Barabara ya murram baada ya mvua ya Aprili, bonyeza kitufe cha DTC mara moja kwa kifupi: kompyuta inaruhusu magurudumu yateleze kidogo ili gari lijikwamue. Ukikishikilia kwa muda mrefu unazima ulinzi wote, jambo ambalo sikushauri barabarani. Kwenye ukungu wa Londiani na Mau Summit taa za ukungu zimewekwa kwa kazi hiyo. Taa kubwa zitakurudishia mwanga machoni. Na Nyando ikifurika kwenye tambarare za Kano, usiingie maji ambayo huoni chini yake. Zunguka au subiri.

Taa ya njano ya joto ikiwaka ukiwa kwenye mpando, zima kiyoyozi, washa hita na upunguze mwendo hadi mahali salama. Ikiwa nyekundu, simama hapohapo pembeni, zima injini na usijaribu "kufika tu Awasi", kwa sababu kichwa cha alumini hupinda kwa dakika chache. Usifungue kifuniko cha maji kabla ya kupoa kabisa. Na gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Ita lori la kubeba.